Kung'oa jino: nani anahitaji antibayotiki kwanza, na nani hahitaji

Ujumbe uliingia kwenye simu ya studio wakati kipindi cha afya kinaelekea ukingoni. Mama mmoja aliandika: "Habari za kazi mtangazaji. Kijana wangu ana miaka 14, alibadilishiwa valvu ya moyo mwaka jana. Sasa gego limeoza, wamesema ling'olewe. Jirani mmoja ananiambia nimpe kepsuli mbili za rangi mbili kabla ya kwenda. Mwingine anasema nimpe siku tano baada ya kung'oa. Nishike lipi?"

Dakika zilikuwa zimekwisha, na swali lenyewe halikuwa la kujibiwa haraka haraka hewani. Tulimpigia mama yule baada ya kipindi. Tukamwomba asimpe kijana dawa yoyote ya kubahatisha, na kabla ya lolote apige simu kliniki ya moyo anakohudhuria. Makala hii ni jibu refu kwake, na kwa wengine wote wanaotuuliza kuhusu jino na antibayotiki.

Jibu fupi ni hili. Watu wengi hawahitaji antibayotiki kwa sababu tu wanang'oa jino. Watu wachache wenye matatizo fulani ya moyo wanahitaji dozi moja kubwa kabla ya kung'oa. Na anayekung'oa jino hawezi kujua wewe uko kundi gani usipomwambia.

Jino linapong'olewa, nini huingia kwenye damu?

Kinywa cha binadamu kina bakteria wengi, wa aina mamia. Wengi wao hawana shida wakibaki mahali pao. Jino linapong'olewa, ufizi huchanika na mishipa midogo ya damu hufunguka. Hapo baadhi ya bakteria huingia kwenye mkondo wa damu na kuzunguka mwilini.

Kwa mtu mwenye afya jambo hili halina kishindo. Kinga ya mwili huwakamata bakteria hao na kuwamaliza kwa muda mfupi, mara nyingi ndani ya saa moja. Mwenye jino hata hajui kama kuna kilichotokea.

Tena si kung'oa peke yake kunakofanya hivyo. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima damu ya watu 290. Wapo waliopiga mswaki tu, wapo waliong'olewa jino bila antibayotiki, na wapo waliong'olewa baada ya kumeza amoksilini. Watafiti walitafuta katika damu zao wale bakteria wanaojulikana kushambulia moyo. Kwa waliopiga mswaki, walionekana kwa watu 23 katika kila 100. Kwa waliong'olewa bila dawa, watu 60 katika kila 100. Kwa waliomeza amoksilini kwanza, watu 33 katika kila 100.

Hapo tunajifunza mambo mawili. Dawa inapunguza bakteria kwenye damu, lakini haiwazuii wote. Na mswaki tunaopiga kila siku, kwenye fizi zinazotoka damu, nao hufungua mlango uleule.

Kwa nini moyo ndio unaoogopewa?

Ndani ya moyo kuna valvu, yaani vilango vinavyofunguka na kufunga ili damu iende mbele isirudi nyuma. Valvu nzima ni laini, na bakteria hawapati pa kushika. Valvu iliyoharibika, au ya bandia, ina mikwaruzo na kingo ambazo bakteria wanaweza kunasa. Wakishanasa hujenga kichaka chao pale, wakajifunika na damu iliyoganda, na kinga ya mwili ikashindwa kuwafikia vizuri.

Ugonjwa huo wa maambukizi ya utando wa ndani wa moyo na valvu zake madaktari huuita endokaditisi. Hautokei mara nyingi, lakini ukitokea ni mzito. Vipande vya kile kichaka vinaweza kukatika na kwenda kuziba mshipa kwenye ubongo, mtu akapata kiharusi. Valvu inaweza kutoboka. Tiba yake ni antibayotiki ya kuchomwa kwenye mshipa kwa wiki nne hadi sita, na wengine huhitaji upasuaji. Hata katika nchi zenye hospitali kubwa, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hufariki akiwa bado wodini.

Nani anahitaji dozi ya kinga?

Tangu mwaka 2007 chama cha madaktari wa moyo cha Marekani kimeibakiza kinga hii kwa watu ambao endokaditisi ikiwapata itawaumiza vibaya zaidi. Mwaka 2021 kilirudia msimamo huo, na mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2023 nao unawataja watu wa aina hiyo. Wa kwanza ni aliyewekewa valvu ya bandia, iwe ya chuma au ya mnyama, au aliyerekebishiwa valvu kwa kifaa cha bandia.

Wa pili ni aliyewahi kuugua endokaditisi akapona. Huyu anaweza kuipata tena.

Wa tatu ni aliyezaliwa na kasoro ya moyo inayofanya midomo na kucha kuwa na rangi ya bluu, na kasoro hiyo haijarekebishwa. Pamoja naye yumo aliyerekebishwa kwa kiraka au kifaa, katika miezi 6 ya kwanza baada ya upasuaji, au hata baadaye kama bado kuna mahali panapovuja kando ya kiraka.

Wa nne ni aliyepandikizwa moyo wa mtu mwingine na valvu yake ikapata hitilafu.

Kuna kundi moja linalotuhusu sana huku kwetu: wenye moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki. Hii ni homa inayoanza na mafindofindo ya mtoto yasiyotibiwa vizuri, kisha miaka ikipita valvu zinakakamaa au kuvuja. Mwongozo wa Marekani hauwaweki wagonjwa hawa kwenye orodha, mpaka wawe wamewekewa valvu ya bandia au wamewahi kupata endokaditisi. Mwongozo wa Australia, ambako ugonjwa huu unawasumbua sana wenyeji wa asili, unawaweka. Kwa hiyo kama wewe au mwanao ana moyo wa rumatiki, usikisie. Muulize daktari wa kliniki ya moyo, naye aandike jibu lake kwenye kadi au daftari la kliniki.

Nani hahitaji?

Presha ya kupanda peke yake si sababu ya kumeza antibayotiki kabla ya kung'oa jino. Mwambie daktari wa meno kuhusu presha yako, maana atataka kuipima kwanza, lakini hiyo ni kwa sababu nyingine.

Mjamzito mwenye moyo mzima hahitaji. Mwenye kisukari hahitaji kwa sababu ya kisukari peke yake, bali anahitaji sukari yake iwe imedhibitiwa ili kidonda kipone. Anayeishi na VVU na anatumia dawa zake vizuri naye hahitaji kwa sababu hiyo pekee. Mwenye siko seli, anayetibiwa saratani au anayetumia dawa za kushusha kinga aseme mapema, kwa sababu hali yake hupimwa mtu kwa mtu.

Pia si kila kazi ya kinywani inahitaji kinga, hata kwa mwenye valvu ya bandia. Inahitajika pale ufizi au ncha ya mzizi wa jino inapoguswa, au ngozi laini ya kinywani inapotobolewa: kung'oa, kukwangua ugaga chini ya fizi, kutibu mzizi. Haihitajiki kwa picha ya mionzi ya jino, kwa sindano ya kawaida ya ganzi mahali pasipo na maambukizi, kwa jino la utoto linaloanguka lenyewe, wala kwa mdomo uliopasuka kwa kuanguka.

Dawa gani, kiasi gani, saa ngapi?

Tunaeleza hapa ili uelewe unachopewa, si ili ujiandikie mwenyewe.

Dawa ya kwanza ni amoksilini. Mtu mzima hupewa gramu 2 kwa mkupuo mmoja, dakika 30 hadi 60 kabla ya kazi kuanza. Kwa kepsuli za miligramu 250 zinazouzwa sana kwenye maduka ya dawa muhimu, hizo ni kepsuli nane. Mtoto hupimiwa kwa uzito: miligramu 50 kwa kila kilo, bila kuvuka gramu 2. Mtoto wa kilo 20, kwa mfano, ni gramu 1.

Sasa urudie ushauri wa yule jirani wa kwanza. Kepsuli mbili ni miligramu 500. Kwa kijana wa kilo 40 hiyo ni robo tu ya kinachotakiwa. Mama angeondoka nyumbani akiamini moyo wa mwanawe umekingwa, na haukukingwa.

Na jirani wa pili, wa siku tano baada ya kung'oa? Kazi ya dozi hii ni kuwa ndani ya damu wakati bakteria wanaingia. Kuanza kesho yake ni kufunga zizi mbuzi wameshatoka. Kama dozi imesahaulika kabisa, miongozo inaruhusu itolewe ndani ya saa mbili baada ya kazi, lakini hiyo ni ya dharura, isiwe mazoea.

Mwenye mzio wa penisilini hapewi amoksilini. Zipo nyingine, kama azithromaisini au doksisaiklini, na daktari huchagua kwa kuangalia umri na aina ya mzio. Klindamaisini, iliyotumika miaka mingi, iliondolewa kwenye mwongozo wa Marekani mwaka 2021 kwa sababu ya madhara yake, hasa kuharisha kukali.

Mambo mawili yanayosahaulika

La kwanza ni sindano ya penisilini. Wagonjwa wengi wa moyo wa rumatiki huchomwa kila baada ya wiki tatu au nne. Wengine hudhani sindano hiyo inatosha kuwakinga wakati wa kung'oa jino. Haitoshi. Kazi yake ni kuzuia mafindofindo yasirudi na kuendelea kuharibu moyo. Tena kwa kuwa bakteria wa kinywani wameshazoea penisilini, mgonjwa huyo anayehitaji kinga ya jino hupewa dawa ya jamii nyingine, si amoksilini. Usipotaja sindano, utapewa dawa isiyokufaa. Na usiache sindano zako kwa sababu ya jino.

La pili ni dawa ya kuzuia damu kuganda, kama wafarini, ambayo wenye valvu ya chuma humeza kila siku. Wapo wanaoiacha wenyewe siku kadhaa kabla ya kung'oa, kwa kuogopa kutokwa na damu nyingi. Hiyo ni hatari kubwa: damu inaweza kuganda kwenye valvu na kuiziba, au donge likaenda kwenye ubongo. Njia sahihi ni kupima kiwango cha kuganda kwa damu kabla ya siku ya kung'oa, na daktari wa meno awasiliane na wa moyo. Mara nyingi jino moja hung'olewa huku dawa ikiendelea, na damu ikazuiwa palepale kwenye kidonda.

Mbona tusiwape watu wote, kwa usalama tu?

Swali hili huulizwa sana. Sababu ya kwanza ni kwamba antibayotiki nayo ina madhara: kuharisha, vipele, na kwa watu wachache mzio mkali unaobana pumzi na kuweza kuua ndani ya dakika chache. Kwa mtu mwenye moyo mzima, hatari hiyo ndogo haina faida ya kuifidia.

Sababu ya pili ni usugu. Kila tunapomeza antibayotiki bila sababu, bakteria wanaobaki ni wale walioishinda. Siku mtoto wa nyumba hiyo anapata nimonia, dawa ya bei nafuu inakuwa haifanyi kazi tena.

Tuseme pia kwamba wataalamu wenyewe wamebishana. Marekani ilianza kushauri kinga hii mwaka 1955, na kwa miaka mingi walipewa watu wengi. Uingereza, mwezi Machi 2008, taasisi inayotunga miongozo ya afya ilisema isitolewe kwa mtu yeyote. Miaka iliyofuata idadi ya wagonjwa wa endokaditisi ilionekana kupanda kuliko ilivyotarajiwa, ingawa haikuthibitika kwamba kuacha dawa ndiyo sababu. Mwaka 2016 taasisi hiyo ililegeza maneno: kinga isitolewe kwa mazoea, nafasi ikabaki kwa daktari na mgonjwa kuamua. Mwaka 2022 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kuwa kwa wale wa hatari kubwa, waliopata kinga kabla ya kung'oa waliugua endokaditisi mara chache zaidi kuliko waliokosa. Ndiyo maana leo wengi wamesimama katikati: wachache wapewe, wengi waachwe.

Kinga ya kila siku inaanzia kwenye mswaki

Jino hung'olewa mara moja. Fizi zenye ukoga na ugaga humwaga bakteria kwenye damu asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Kwa mwenye moyo wenye kasoro, kinywa safi ni kinga kubwa kuliko dozi moja ya mwaka. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Fizi zikitoka damu usiache kupiga mswaki, maana mara nyingi damu hiyo ni dalili kwamba zinahitaji usafi zaidi. Nenda ukaangaliwe meno kabla hayajauma. Na anayesubiri upasuaji wa moyo atibiwe meno mabovu kwanza, kabla valvu mpya haijawekwa.

Angalia pia unang'olewa wapi. Koleo lisilochemshwa la mng'oa meno wa mnadani linaweza kupitisha virusi vya homa ya ini na VVU, na antibayotiki haiui virusi. Hali ni hiyohiyo kwa watoto wachanga wanaotobolewa fizi kwa kudaiwa kuwa na "meno ya plastiki". Yale ni meno ya kawaida yanayokua. Mtoto anayeharisha au mwenye homa apelekwe zahanati, si kwa mtoboa fizi.

Homa baada ya kung'oa jino

Maumivu na uvimbe mdogo siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu au shingoni, mtu akishindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, hiyo ni dharura ya usiku huohuo, awe na moyo mzima au mbovu. Na jipu la jino halimalizwi na kepsuli peke yake: usaha lazima utolewe, na jino litibiwe au ling'olewe.

Endokaditisi huja polepole. Wiki kadhaa zinaweza kupita, kisha homa isiyoisha, jasho la usiku, kukonda, uchovu, pumzi kukata. Huku kwetu homa ya namna hiyo hutibiwa malaria mara mbili, mara tatu, kisha tumbo la taifodi, kisha kepsuli za dukani. Kepsuli hizo ndizo zinazoharibu zaidi, kwa sababu hushusha homa kwa siku chache na kuwaficha bakteria. Kwa mwenye valvu mbovu au ya bandia, homa isiyo na sababu inayoonekana isitibiwe kwa antibayotiki ya dukani. Aende hospitali, na aombe damu ichukuliwe ya kuotesha maabara kabla ya antibayotiki ya kwanza. Damu hiyo ndiyo inayoonyesha ni bakteria gani na dawa gani itamuua.

Maneno ya kusema kwenye chumba cha meno

Tulizungumza tena na yule mama. Kliniki ya moyo ilimwambia aende na kijana hospitali yenye kitengo cha kinywa na meno, akiwa na kadi yake ya upasuaji, na ikampa namba ambayo daktari wa meno angepiga. Tulimwomba akariri sentensi nne, nawe ziandike kwenye simu yako kama una mgonjwa wa moyo nyumbani:

"Ana valvu ya bandia," au taja tatizo la moyo lenyewe.

"Anachomwa sindano ya penisilini, ya mwisho ilikuwa tarehe fulani," au hachomwi.

"Anameza dawa ya kuzuia damu kuganda," au hamezi.

"Dawa fulani humdhuru," au hakuna.

Ukishasema hayo, uliza: "Je, anahitaji dozi kabla ya kung'oa?" Kama foleni ni ndefu na dozi imeshamezwa, mkumbushe muuguzi saa iliyomezwa, ili zamu isichelewe kupita saa moja. Wala usione haya kusema hata usipoulizwa. Daktari wa meno huona jino tu, valvu iliyo ndani ya kifua haioni.